Kwanza Niambie Utanikatalia Vipi

Hapa Kasongo, Maniema, mtu akifika miaka hamsini bila kufungwa, bila kukimbia madeni na bila kuwa mbunge, tunamhesabu kuwa amefaulu. Mimi nilikuwa nimeridhika na daraja hilo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina ubao, nina chaki ilipopatikana, na nina heshima, maana kwetu ukishaitwa Mwalimu unabaki Mwalimu mpaka kaburini, hata kama siku hizi unauza mafuta ya mawese. Nilichokosa ni kitu kidogo tu, mshahara.

Kwa miaka mingi mshahara wetu ulitoka mifukoni mwa wazazi. Tuliuita prime, nao ulikuja kwa mafungu: huyu analeta faranga, yule analeta mchele, wa tatu analeta sababu. Halafu Septemba 2019 elimu ya msingi ikawa bure nchi nzima. Jambo jema, sitalipinga hata ukinipa kipaza sauti. Watoto walimiminika, darasa likajaa mpaka wengine wakasomea dirishani. Prime ikakatika siku ileile. Jina langu kwenye listi ya malipo, lenyewe, likaendelea "kushughulikiwa", na nimeona kwamba dukani ukitaja neno hilo hawakupimii hata chumvi.

Basi nikawa wakala wa bima.

Sikuoteshwa. Nilipigiwa simu na mpwa wangu aliyeko Kindu. "Mjomba, kuna kampuni ya asiransi imetoka Kinshasa, wanatafuta mawakala. Wanataka watu wazima, wenye heshima, wanaojulikana." Nikajisikia vizuri. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba vijana walikuwa wameshaitwa, wakasikia hakuna mshahara ila kamisheni, wakarudi kwenye pikipiki zao.

Mtu wa rika langu amekua akisikia kampuni moja tu ya bima. SONAS iliundwa na serikali mwaka 1966, ikashika soko lote peke yake kwa karibu nusu karne. Kwetu bima ilikuwa kikaratasi cha kubandika kwenye kioo cha gari, na kwa kuwa Kasongo magari yanahesabika, na yenye kioo kizima ni machache zaidi, wengi wetu tumezeeka bila kukiona. Kisha ikaja sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliyofungua soko, ikaundwa mamlaka ya kusimamia kazi hiyo, ARCA, na mwaka 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zikapata vibali. Wakubwa wanasema ni mapinduzi. Mapinduzi tuliyozoea sisi hutoka mashariki, kwa miguu, na bunduki. Haya yametoka magharibi na karavati.

Karavati ninayo. Niligawiwa Kindu mwisho wa mafunzo, ya buluu. Sijui ni nani Kinshasa aliyekaa akafikiri kwamba mtu akiona kitambaa kinaning'inia shingoni mwa mwenzake juani ataamini kuwa mali zake ziko salama. Ukipanda nayo pikipiki inakupiga usoni. Ukiificha ndani ya shati unaonekana umebeba kitu. Sasa imekuwa nyekundu kwa vumbi, na kampuni imesema rangi rasmi ni buluu.

Mafunzo yenyewe tulifuata Kindu, zaidi ya kilomita 200, kwa barabara inayoitwa ya taifa, nadhani kwa sababu kila mwananchi akipita anaiachia kitu chake: kiatu, taa ya pikipiki, meno. Mkufunzi alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, ananiita "Papa" kila baada ya sentensi. Alituonyesha ukutani picha ya familia inayocheka, baba, mama, watoto wawili na mbwa. Mwenzangu aliyetoka Kibombo akanyoosha mkono akauliza wale watoto wengine wamekwenda wapi. Umeme ukakatika kabla hajajibiwa.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuandika majina ya watu mia moja tunaowajua. "Hao ndio wateja wenu wa kwanza," alisema. Sikuona taabu, mwalimu anajua watu. Lakini kabla sijafika katikati nikaona orodha hii ninayo tayari nyumbani, kwenye daftari la mke wangu, chini ya kichwa "Wanaotudai". Walikuwa walewale, hata mpangilio ulikaribiana. Na mtu anayekudai ukimwendea na habari za kulipa kidogo kidogo kila mwezi anafurahi sana, kwa sababu amesikia nusu ya sentensi.

Nilirudi Kasongo nikaanzia kwa wazee wa barazani, baada ya sala ya alasiri. Nikayasema yote niliyofundishwa: usalama, utulivu wa moyo, kesho ya watoto. Walinisikiliza kwa adabu, maana wengine niliwasomeshea wajukuu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomwacha akakohoa.

"Mwalimu, umesema vizuri. Mtu akifa mnalipa. Nyumba ikiungua mnalipa. Haya. Sasa kwanza niambie utanikatalia vipi."

"Nikukatalie nini, mzee wangu?"

"Siku nitakapokuja na kilio changu. Kila anayeahidi ana mlango wake wa kutokea. Wa kwako uko wapi? Nionyeshe sasa hivi nikiwa mzima, nisije kuutafuta usiku."

Hilo Kindu halikufundishwa. Tulifundishwa kumjibu mtu anayesema hana pesa, anayesema ataenda kufikiri, na anayesema mpaka amwulize mkewe. Hakuna aliyetuandaa kwa mteja anayetaka kusomewa kijitabu kuanzia nyuma.

Nikakifungua. Masharti yako kwa Kifaransa, kwa herufi ambazo nadhani ziliandikwa na sisimizi, na wote pale tulikuwa na miwani moja. Nikaanza kuwafasiria kwa sauti. Kampuni haitalipa hasara iliyoletwa na vita. Wazee wakatazamana. Haitalipa hasara iliyoletwa na uasi. Mmoja akaguna. Haitalipa ghasia za wananchi, wala uporaji unaofuatana na hayo. Haitalipa mlipuko wa atomiki. Hapo fundi cherehani akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Atomiki waiondoe tu, si neno," akasema. "Ile ilitoka Katanga ikaenda zake Japani, hapa haikupita. Hayo mengine yote ndiyo yaliyopita. Na ndiyo tuliyotaka mlipe."

Nitaitetea kampuni kidogo, kwa kuwa inanilipa, au inasema itanilipa. Kutolipa vita si ujanja wa Kinshasa peke yake. Bima za kawaida ziko hivyo London, ziko hivyo Nairobi, na sababu yake ina akili: bima inawezekana pale ambapo watu wengi wanachanga na wachache wanaunguliwa. Vita havijui kuunguza mmoja, vinaunguza wote siku moja, na mfuko unakauka asubuhi ileile. Mimi hesabu hiyo naielewa, nimeifundisha hesabu miaka mingi. Lakini nenda kaieleze Kabambare, wilaya ya jirani, kwa mtu ambaye ameijenga nyumba yake upya mara tatu na mara zote tatu haikuwa kwa sababu ya mshumaa.

Tena watu wa upande huu wana elimu ya mikataba kuliko wanavyodhaniwa. Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika Mwana Mamba, hapahapa kwetu, akamkuta Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Stanley alitaka ulinzi wa kushuka na Lualaba. Kwa maandishi yake mwenyewe walipatana dola 5,000 kwa vituo 60, kila kimoja mwendo wa saa nne, na kikawekwa kifungu kwamba Tippu Tip akiiacha safari kwa kukosa moyo, hapati kitu. Desemba ileile, vituo havijaisha, Tippu Tip akageuza. Stanley akateremka na mto mpaka Boma, na habari ya nani alimpunja nani kila mmoja akaja kuisimulia kivyake kwenye kitabu chake. Waliobebeshwa mizigo na waliofungwa minyororo hawakuandika kitabu. Kwenye mikataba ya zama zile wao hawakuwa upande wowote, walikuwa mali.

Lakini bingwa wa masharti hakuvaa kanzu wala karavati. Mwaka 1964, waasi wa Simba walipoenea Maniema, waganga wao waliwapaka vijana dawa na kuwaambia risasi zitageuka maji. Gharama ndogo, fomu hakuna, ulinzi unaanza papo hapo. Ila masharti! Usimguse mwanamke. Usiibe. Usigeuke nyuma ukiwa vitani. Baba mdogo aliyaona kwa macho yake akiwa kijana, na anasema mtu akianguka na risasi hakuna aliyemlaumu mganga. Walimlaumu marehemu: lazima aligeuka nyuma, na ile juzi usiku alionekana akitoka nyumba fulani. Mimi nimesoma vijitabu vyote vya kampuni yangu na sijaona hati iliyoandikwa kwa ustadi kuliko hiyo. Inaahidi kila kitu, na siku ya hasara kosa ni lako. Huko porini wapiganaji wa Mai-Mai wanaiuza mpaka leo, bila kibali cha ARCA.

Sasa mtu aliyelelewa na masimulizi hayo, ukimjia na picha ya familia inayocheka na mbwa, atakuuliza nini? Atauliza mlango wa kutokea uko wapi.

Baada ya wazee nikahamia kwa motari, waendesha pikipiki za abiria. Hapa niliona nina mkono wa serikali nyuma yangu, kwani sheria ya tarehe 5 Januari 1973 inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima ya madhara atakayowafanyia wengine. Ina umri mkubwa kuliko motari wote wa Kasongo. Nikawakuta kwenye kivuli chao karibu na soko.

"Mwalimu, nikianguka mnanilipia pikipiki?"

"Hapana, hii siyo ya pikipiki yako."

"Mguu wangu je?"

"Hapana. Hii ni ya yule utakayemgonga."

"Nitamgonga nani?"

"Sijui. Yeyote."

"Kwa hiyo mimi nalipia mtu ambaye sijamgonga, simjui, na pengine hajazaliwa bado?"

"Naam."

"Na yeye analipa nini?"

"Yeye halipi."

"Basi nenda kamwuzie yeye."

Nimewafundisha vijana hawa kutoa na kujumlisha, na sasa wananirudishia. Kinachowauma ni kwamba wao utaratibu wao wanao. Motari akimgonga mtoto, jioni ileile mwenyekiti wao anapitisha kofia, mtoto anapelekwa hospitali, wazee wa pande mbili wanakaa, mbuzi anatajwa, na kabla ya sala ya isha watu wamepeana mikono. Utaratibu wangu mimi unataka PV, yaani ripoti ya polisi, cheti cha daktari, picha za pande nne za pikipiki, nakala ya kitambulisho cha mgongaji na cha mgongwaji (mgongwaji ana miaka sita), kisha mkaguzi atoke mbali aje kutazama ilipobonyea. Mkaguzi anapopata mafuta ya kuja, pikipiki imeshanyooshwa kwa nyundo na iko njia ya Samba imebeba abiria wawili, godoro na kuku.

Wanaonunua, na wapo, wananunua karatasi. Wanataka kitu cha kuonyesha barierani ili mazungumzo yawe mafupi. Mmoja aliniuliza kama ninayo yenye muhuri mkubwa zaidi. Sikumcheka. Kati ya vyote nilivyonavyo mfukoni, hicho ndicho kitu pekee ambacho mteja ameona kwa macho yake kikifanya kazi.

Meneja wangu, kwa simu, akasema nisikae mjini, nifuate pesa ilipo. Pesa iko Kabambare, kwenye dhahabu. Nikafunga karavati, nikaenda bonde la Luama na kupanda mpaka Salamabila, ambako kampuni ya Kanada, Banro, ilifungua mgodi wake wa Namoya ukaanza kutoa dhahabu ya biashara mwaka 2016, na ambako wachimbaji wa koleo na sururu walikuwepo kabla yake na wapo bado. Kule mwenye shimo anaitwa PDG. Si utani, ni cheo: ana shimo, ana pampu, ana vijana, ana deni kwa mfanyabiashara wa dhahabu, ni mkurugenzi kamili. Nikamkalia mmoja wao kitako, kwenye kiti cha plastiki, na fomu ya bima ya maisha mapajani.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Mwaka wa kwanza wa vita."

"Vita vipi?"

Akanitazama kwa huruma. Tuliweka tarehe 1 Januari, ambayo ndiyo siku waliyozaliwa nusu ya wakazi wa Maniema kwa mujibu wa makaratasi.

"Baba alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Alirogwa na kaka yake."

Fomu ilikuwa na vyumba vya moyo, sukari, presha na saratani. Kaka hakuwemo. Nikaandika "moyo", kwa kuwa ulihusika.

"Unafanya kazi ya hatari?"

"Mimi? Mimi nakaa juu. Wanaoshuka ni wao."

"Basi tuwaandikie wao."

"Wao leo wako kwangu, kesho wako shimo la jirani. Utaandika jina la nani? Wengine mimi mwenyewe najua jina la utani tu."

Nikapekua kijitabu kimyakimya, nikakuta kazi ya chini ya ardhi imetolewa, ukurasa mmoja na vita. Nikashukuru Mungu kwamba hakuniuliza kama yule fundi cherehani. Tukafika kwenye mrithi.

"Ukifariki, pesa apokee nani?"

PDG akatazama kulia, kuna jiko linafuka moshi. Akatazama kushoto, kuna jiko jingine. Akainamisha kichwa.

"Andika mama yangu."

"Mama yu hai?"

"Alishafariki, Mungu amrehemu. Andika tu. Hakuna atakayethubutu kugombana naye."

Fomu hiyo ilikwenda Kinshasa ikarudi.

Nyumbani nako nimeharibu amani. Wakala hodari, walituambia, anaanza kwa kujikatia mwenyewe. Nikamweleza mke wangu jioni, tukila bugali na sombe, kwamba nikiondoka duniani atapewa kiasi fulani cha dola. Akauliza kiasi gani. Nikamtajia. Akaendelea kula, kisha akauliza tena, kana kwamba hakusikia vizuri mara ya kwanza. Tangu siku hiyo nikikohoa usiku naona taa inawashwa haraka mno. Shemeji yangu naye amenijia kwa siri kuniuliza kwa nini nimetangaza bei ya kufa kwangu sokoni wakati mahari ya dada yake sijaimaliza. Hapo hakuna kijitabu kinachosaidia.

Na habari hii ya kuhesabu nani atakufa lini, watu wa Kasongo wasione ni ya Kinshasa. Tumeshahesabiwa zamani. Madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp walikuwa hapa na mradi wao uliopewa jina la mji wetu, na mwaka 1981 hesabu za watoto wa Kasongo zilitoka kwenye jarida la Lancet, waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Swali lao lilikuwa kali: mtoto aliyeokolewa na surua, je, hachukuliwi baadaye na ugonjwa mwingine, hata faida ikapungua? Wataalamu wamelibishania swali hilo miaka mingi. Mimi nililisoma nikasema huyu aliyeuliza angekuwa meneja mzuri wa kampuni yangu.

Shehe alikuwa na swali lake pia, fupi. Maniema ni nchi ambayo misikiti ilitangulia reli, huwezi kuuza kitu bila kupita kwa shehe.

"Mwalimu, nikilipa mwaka mzima na nisife, pesa zangu anakula nani?"

"Wanapewa waliokufa, shehe."

"Na wasipokufa wengi?"

"Inabaki kwa kampuni."

"Aa."

Hiyo "aa" ilikuwa ndefu. Kisha yeye ndiye aliyenifundisha mimi: kwamba ipo takaful, watu wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, anayesimamia analipwa ujira wake unaojulikana, na kinachobaki kinarudi kwa wachangiaji. Sudan walianza kampuni ya namna hiyo mwaka 1979, Kenya wanayo tangu 2011. Nikaandika barua Kinshasa kwamba huku kuna soko la kitu hiki, wilaya mbili nzima. Nimejibiwa kwamba wazo langu linashughulikiwa. Neno hilo nalifahamu.

Aliyenimaliza kabisa ni mama wa mchele. Ana meza yake sokoni, yuko kwenye likelemba ya akina mama kumi na wawili, kila soko anapokea mmoja. Nilidhani nitamwonyesha upungufu wa mpango wake. Akanisikiliza huku anapima.

"Mwenzetu alifiwa na mume wakati zamu haikuwa yake," akasema. "Tukageuza zamu, akapokea siku ya pili ya kilio. Hakuleta PV. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka wa maiti yake."

"Na mtu akipokea, kisha akakataa kuendelea kulipa?"

"Ataenda wapi, Mwalimu? Watoto wake wanalala kwangu, wangu wanalala kwake." Akaegemeza kopo. "Huyo mkubwa wako anaishi wapi?"

"Kinshasa."

"Mtaa gani?"

Sikujua mtaa.

"Mkewe ananunua wapi mchele?"

Akanifungia kilo mbili kwa deni na kunitakia kazi njema.

Ningeweza kumjibu, na nitamjibu hapa, kwa kuwa hapa hawezi kunikatiza. Likelemba yake inaweza kumbeba mjane mmoja, au nyumba moja iliyoungua. Haiwezi kubeba siku ambayo soko zima linakimbilia porini, kwa sababu siku hiyo wote kumi na wawili wamefiwa. Kwa kazi hiyo ndipo panahitajika mfuko mpana, wenye wachangiaji wa Matadi na Lubumbashi ambao hawakukimbia. Mfuko huo ninao kwenye begi. Na siku hiyo ndiyo iliyoandikwa ukurasa wa mwisho kwamba hatulipi. Kwa hiyo mimi na mama wa mchele tunauza ulinzi kwa siku zilezile, ila yeye wateja wake wanamjua nyumbani.

Meneja analalamika mauzo ni madogo. Nami ninalalamika, mkataba hauzuii. Lakini nimebadilisha utaratibu bila kumwomba ruhusa. Siku ya soko nasimama karibu na motari, karavati nimeiweka mfukoni, nafungua kijitabu kuanzia nyuma na kuyasoma tusiyolipa, kwa sauti ya darasani, moja baada ya jingine mpaka yaishe. Watu wanasogea. Wanasahihisha, wanaongeza, wanabishana. Fundi cherehani huja na kiti chake. Wengi wakishayasikia huondoka. Wachache wanaobaki hununua, na hawa hawajaniita mwongo mpaka sasa.

Wakubwa wa Kinshasa, ninayo maombi, nayo hayagharimu kama picha za ile familia na mbwa wao. Leteni Kasongo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kulipa. Si kupokea, kulipa. Akae hapa, apange nyumba tuijue, mkewe anunue mchele tunaponunua sisi, na mtoto wa watu akigongwa njia ya Samba afike yeye kabla ya kofia ya motari kupita. Kijitabu kitafsirini kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka na mwenye miaka yangu. Kisha muone kama tutauza au hatutauza.

Na wewe mwenye pikipiki, sheria ni ya mwaka 1973, mimi sikuitunga. Nipo sokoni kila Jumamosi mpaka saa nane. Njoo na karatasi za pikipiki na pesa mkononi. Kwa deni siandiki, hata kama ulikuwa mwanafunzi wangu, na hasa kama ulikuwa mwanafunzi wangu.